OILI INAPOTEA WAPI? Somo la Kutafuta na Kuzuia Uvujaji katika Injini Kuukuu za Dizeli

Katika daftari la chama cha msingi, oili iliyovuja na oili iliyoibwa huonekana sawasawa. Zote mbili huandikwa upande wa matumizi: lita zimenunuliwa, na lita hazipo. Mkaguzi wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) akilifungua daftari hilo ataona tu kwamba mashine ya kusaga imekula oili kuliko mwaka uliotangulia, naye ataandika hoja. Wanachama wakisomewa hoja hiyo katika mkutano mkuu, aghalabu humgeukia mtu mmoja, yaani mwendesha mashine. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa banda na ufunguo wa stoo, na kama hana maandishi ya kumtetea, hana la kusema ila kuapa.

Hasara ya pili huletwa na fundi. Anaitwa kutoka Kisarawe mjini au Dar es Salaam, anaiona injini imelowa oili kuanzia juu hadi chini, na anatoa orodha: gasketi zote, sili zote, gundi, na ujira wa siku tatu. Kamati inaidhinisha, fedha zinatoka, na baada ya wiki mbili sakafu imelowa tena. Si lazima fundi huyo awe tapeli. Huenda kila alichofunga alikifunga vizuri. Alichokosa ni kuuliza kwa nini oili inasukumwa itoke nje, maana gasketi nzima nayo huvuja ikiwa ndani mna kitu kinachoisukuma.

Somo hili ni kwa makatibu, kamati na wanachama wa vyama vyenye injini za namna hiyo. Mfano utakaotumiwa ni wa banda la mashine katika kata ya Msimbu, wilayani Kisarawe, ambako kazi kubwa ya mashine ni kusaga makopa ya muhogo na mahindi. Mfano huo ni wa kufundishia, si habari ya chama fulani.

INJINI ZENYEWE

Injini kuukuu zinazojulikana zaidi katika kazi ya kusaga ni zile za silinda moja, zenye maflaiwili mawili makubwa ubavuni na mwendo wa taratibu. Mashuhuri kupita zote ni Lister ya aina ya CS, iliyoanza kuundwa na kiwanda cha R. A. Lister huko Dursley, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile yenye alama 6/1 hutoa nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Uundaji wake Uingereza ulikoma mwaka 1987, lakini viwanda vya India, hasa vya mji wa Rajkot, viliendelea kuunda injini za mfano huo huo. Kwa umbo ni vigumu kuzitofautisha. Tofauti huonekana zinapofunguliwa: katika baadhi ya zile za kuiga, nyuso za chuma zinazokutana hazikusawazishwa barabara, na gasketi hubebeshwa kazi ambayo ingefanywa na msasa na kipande cha kioo.

Umeme wa vijijini umebadili mambo. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, mashine nyingi za kusaga zimefungwa mota. Lakini injini ya zamani ikiwa bado imekaa juu ya msingi wake, ndiyo inayowashwa umeme unapokatika, na injini inayolala miezi mitatu kisha ikafanyizwa kazi siku nzima huvuja kuliko ile inayofanya kazi kila siku. Gasketi za karatasi na sili za sufi hukauka na kunywea. Chama kinachoiweka injini ya akiba hakina budi kuiwasha angalau mara moja kwa wiki mpaka ipate moto.

Jambo jingine ni kukosekana kwa kitabu cha mashine. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na shughuli zake kuwekwa chini ya vijiji na mashirika ya umma, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mashine iliyopita mikono ya chama, ya kijiji, na ya chama tena, si ajabu ikawa imefika bila kitabu. Ndiyo sababu daftari linaloelezwa hapa chini lina thamani kubwa: baada ya mwaka mmoja, hilo ndilo litakuwa kitabu cha mashine.

KAZI YA KATIBU HUANZA KABLA YA KAZI YA FUNDI

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi na kabla haijawashwa, mwendesha mashine apime oili kwa kijiti chake. Aandike kiwango. Akiongeza, aongeze kwa kipimo kinachojulikana, kama chupa ya nusu lita, wala si kwa kumimina kutoka kwenye dumu kwa kukisia. Aandike pia saa ambazo mashine imefanya kazi siku iliyopita. Chini ya injini liwekwe bati safi lenye kingo, na kila Jumamosi oili iliyokusanyika humo ipimwe na kuandikwa. Gharama ya kazi yote hii ni daftari moja na bati moja.

Ichukuliwe kwamba katika banda la Msimbu mashine imefanya kazi saa 30 kwa wiki. Oili iliyoongezwa ni mililita 1,250. Iliyopatikana katika bati ni mililita 400. Basi mililita 850 hazikuanguka chini ya injini. Zimekwenda wapi? Kuna njia tatu tu za halali: zimeungua ndani ya silinda na kutoka kama moshi wa buluu, zimerushwa ukutani na kwenye mkanda, au zimetoka kama ukungu kupitia tundu la kupumulia. Kila moja ya njia hizo huacha alama inayoonekana kwa macho. Ikiwa hakuna moshi wa buluu, ukuta ni mkavu na tundu la kupumulia ni kavu, hapo ndipo kamati ina haki ya kuuliza habari za stoo. Kabla ya hapo, kumtaja mtu ni kumwonea.

Hesabu hiyo hiyo humlinda katibu mbele ya fundi. Baada ya matengenezo, wiki moja ya vipimo huonyesha kama fedha zimefanya kazi.

Mara nyingine daftari huonyesha jambo la kushangaza: kiwango cha oili kinapanda. Wapo wanaofurahi kuona hivyo, nao wamo hatarini. Oili haizaliani. Kinachoongezeka ni dizeli inayopenya kutoka kwenye pampu yake, au maji kutoka kwenye njia za kupozea. Oili yenye dizeli huwa nyepesi, hunuka dizeli, na haiwezi kulinda beringi. Yenye maji hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Injini isiwashwe tena mpaka chanzo kipatikane na oili yote ibadilishwe.

KUOSHA, KISHA KUTAZAMA

Injini iliyolowa kila mahali haiwezi kusema inavuja wapi. Iachwe ipoe, ioshwe kwa dizeli kidogo na brashi, ifutwe kwa matambara mpaka chuma kionekane. Pembe za mifuniko, sehemu za chini ya silinda na nyuma ya maflaiwili ndiko uchafu wa miaka ulikojificha. Matambara yaliyotumika yatolewe nje ya banda siku hiyo hiyo. Kitambaa chenye dizeli, vumbi la unga na bomba la moshi lenye moto havipaswi kukaa chumba kimoja.

Kisha injini ipakwe vumbi jeupe. Chaki iliyosagwa hufaa, chokaa hufaa, na katika banda la mashine hata unga uliokwisha kuchafuka sakafuni hutosha. Ukishikwa kwenye kitambaa chepesi na kupigwapigwa, huacha utando mwembamba juu ya chuma. Tundu la kupumulia na njia ya kuvutia hewa lazima vizibwe kwa karatasi wakati wa kupaka, na karatasi hiyo iondolewe kabla ya kuwasha. Injini iendeshwe dakika 15 ikiwa na kazi, izimwe, itazamwe kwa tochi. Oili huteremka, haipandi, isipokuwa palipo na upepo wa maflaiwili wa kuirusha. Kwa hiyo kinachotafutwa ni alama ya juu kabisa iliyolowa. Chochote kilicho chini yake ni matokeo tu.

Kabla ya kulaumu oili, kimiminika chenyewe kitambuliwe. Tone moja liwekwe juu ya karatasi nyeupe. Dizeli hutambaa upesi na kufanya duara pana lenye kingo zinazofifia, na harufu yake ni wazi. Oili hubaki katikati, nzito, hasa ikiwa imetumika. Mabomba ya dizeli yanayovuja juu ya injini yamesababisha gasketi nyingi zisizo na hatia kubadilishwa.

Vilevile, katika Lister ya CS roka na pushi rodi ziko wazi nje, na roka hulainishwa kwa mkono kwa kopo la oili. Mwendesha mashine mwenye bidii kupita kiasi huzimwagia oili nyingi kila asubuhi, nayo huteremka ubavuni mwa silinda hadi sakafuni. Huo si uvujaji. Dawa yake ni matone machache badala ya kumimina.

KIPUMULIO: MAHALI PANAPOSAHAULIWA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Pistoni haikandamizi tu hewa iliyo juu yake inapopanda. Inapoteremka huisukuma pia hewa iliyo chini yake, ndani ya tumbo la injini mnamokaa kranki na oili. Silinda ya Lister 6/1 ina kipenyo cha milimita 114.3, na pistoni husafiri milimita 139.7. Kila ikiteremka, husukuma karibu lita 1.43 za hewa. Kwa mizunguko 650, hizo ni kiasi cha lita 930 kila dakika zinazotafuta pa kwenda.

Waundaji walilijua hilo wakaweka kipumulio, mara nyingi kwenye mfuniko wa tumbo la injini au ubavuni mwake. Ndani yake mna kisahani chembamba au ulimi wa chuma unaofanya kazi kama mlango wa upande mmoja. Pistoni ikishuka, hewa hukiinua kisahani na kutoka. Pistoni ikipanda, kisahani hujifunga na hewa ya nje haiingii. Matokeo yake ni kwamba tumbo la injini huwa na mvuto mdogo wa kwenda ndani muda wote. Injini yenye mvuto huo hainuii kuvuja: penye upenyo, hewa huingia kidogo badala ya oili kutoka. Injini hizi zilitegemea mvuto huo zaidi kuliko zilivyotegemea sili.

Sasa itazamwe hali ya banda la kusagia muhogo. Unga wa makopa ni laini kama vumbi la barabara ya kiangazi, nao huelea hewani kutwa nzima. Unapokutana na ukungu wa oili mdomoni mwa kipumulio, hugeuka kuwa ugali mweusi. Kisahani hunata. Kikinata kikiwa kimefungwa, hewa hukosa njia na kutafuta nyingine, kupitia gasketi, ncha za kranki, na tundu la kijiti, nayo hutoka na oili. Kikinata kikiwa wazi, mvuto hupotea na vumbi la unga huvutwa ndani ya oili. Hali zote mbili huonekana kwa nje kama injini iliyochoka.

Njia ya kupima ni rahisi. Waashi wana mpira mwembamba wa kuonea maji, ule wa pima maji, wanaoutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Kipande cha mita mbili kikunjwe kwa umbo la herufi U, kifungwe kwenye ubao, kitiwe maji hadi nusu. Ncha moja iunganishwe kwa uthabiti na tundu la kijiti cha oili kwa kizibo cha mpira kilichotobolewa. Nyingine iachwe wazi. Mkunjo huo ukae chini ya usawa wa tundu, ili maji yasije yakavutwa kuingia ndani ya injini. Injini ikiwashwa, maji yatachezacheza kwa sababu ya silinda moja. Mpira ukibanwa kidogo kwa vidole yatatulia. Maji yakivutwa kuelekea injini, kipumulio kinafanya kazi. Yakisukumwa kuelekea ncha iliyo wazi, tumbo la injini lina shinikizo, na hakuna gasketi itakayodumu mpaka shinikizo hilo liondolewe.

Kipumulio kifunguliwe, kioshwe kwa mafuta ya taa, kikaushwe. Kisahani kiwe bapa, kisicho na mkunjo wala kutu, na kikitikiswa kisikike kikigonga. Kirudishwe kwa upande wake ule ule. Kikigeuzwa hufunga pale kinapotakiwa kufungua. Katika banda la muhogo kazi hii ifanywe kila wiki, tena mdomo wa kipumulio uelekezwe mbali na kinu au uungwe bomba fupi pana linalotoka nje ya ukuta. Bomba jembamba halifai, kwa kuwa nalo huzuia hewa.

Katika mfano wa Msimbu, ikiwa baada ya kusafisha kipumulio oili inayoongezwa inashuka kutoka mililita 1,250 hadi 500 kwa wiki, na bati linakusanya 50 tu, basi chama kimeokoa fedha za gasketi zote na ujira wa siku tatu. Ikiwa maji ya kwenye mpira bado yanasukumwa nje ingawa kipumulio ni safi, shinikizo linatoka kwingine: moto wa silinda unapenya kando ya ringi za pistoni. Ushahidi mwingine utakuwapo. Mfuniko wa kujazia oili ukifunguliwa injini ikiwa inanguruma, moshi wa kuungua utatoka kwa mfululizo. Moshi wa buluu utaonekana kwenye bomba. Kuzungusha hendeli kutakuwa kwepesi kuliko zamani, kwa maana mgandamizo umepungua. Hapo kufungua injini ni jambo la lazima, na kamati inaweza kuwaeleza wanachama sababu kwa vipimo.

Jambo jingine huleta dalili zile zile kwa gharama ndogo zaidi: oili iliyozidi. Wapo wanaojaza kupita alama ya juu kwa kudhani ni akiba. Kranki huichapa oili hiyo kama maziwa kwenye kibuyu, nayo hutokea kila upenyo. Injini iliyofungwa juu ya msingi ulioinama nayo hudanganya kijiti.

GASKETI

Yakishathibitishwa hayo, na alama iliyolowa ikawa bado ipo kwenye maungio fulani, gasketi ibadilishwe. Kazi si ngumu, lakini haitaki haraka. Gasketi ya zamani ilowanishwe kwanza kwa oili au maji, kisha ikwanguliwe kwa kisu butu. Gasketi na kamba nyingi za zamani ziliundwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Zisikwanguliwe zikiwa kavu wala kupulizwa. Uso wa mfuniko usuguliwe juu ya msasa laini uliotandazwa kwenye kioo. Sehemu zitakazobaki bila kung'aa ndizo mabonde, na ndizo zilizokuwa zikivuja.

Karatasi maalumu ya gasketi huuzwa kwa mita. Ikitandazwa juu ya mfuniko na kugongwagongwa kingoni kwa nyundo ndogo ya kichwa mviringo, hujikata yenyewe. Bolti zikazwe kwa kupishana, kutoka upande huu kwenda upande wa pili, kidogo kidogo, na zirudiwe baada ya injini kupata moto na kupoa. Mfuniko wa bati laini ukikazwa kwa nguvu za kuonyesha ubingwa hupinda, na tangu hapo hauvuji pale palipokuwa panavuja, bali pengine. Gundi ya silikoni itumiwe kama uzi mwembamba. Ile inayofurika kingoni kwa nje hufurika vivyo hivyo kwa ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huziba njia za oili.

Kuna gasketi moja ambayo mwendesha mashine asiiguse peke yake, nayo ni ile iliyo kati ya silinda na tumbo la injini ya Lister. Unene wa karatasi zile ndio unaoweka nafasi kati ya pistoni na hedi. Fundi akiweka boksi la katoni mahali pa karatasi nyembamba, silinda hupanda, mgandamizo hushuka, na injini hukataa kuwaka asubuhi. Akipunguza, pistoni inaweza kugonga hedi. Karatasi zilizotolewa zihesabiwe, zipimwe unene, na idadi iandikwe katika daftari.

Washa za shaba za nati ya kumwagia oili na za mabomba ya dizeli hazihitaji kutupwa. Zikipashwa moto hadi ziwe nyekundu na kuachwa zipoe, shaba hulainika na hufunga tena.

NCHA ZA KRANKI

Oili inayotoka nyuma ya flaiwili hujitangaza kwa mstari mweusi ukutani, ulionyooka sawa na ukingo wa gurudumu. Wengi wakiuona mstari huo huamuru maflaiwili yatolewe. Kila moja lina uzito unaozidi kilo 100 na limeshikwa na kabari ya chuma. Limevunja vidole vya watu na, lilipotolewa kwa nyundo, limepasua kranki. Kwanza ithibitishwe kwamba kipumulio ni kizima na oili haijazidi. Kisha, mfuniko wa tumbo ukiwa wazi, zitazamwe njia ndogo zinazorudisha oili kutoka kwenye beringi. Zikizibwa na tope la oili kuukuu, oili hukosa njia ya kurudi na hutoka kwa ncha. Waya laini na mafuta ya taa hutosha kuzizibua. Baada ya hayo tu, na baada ya kupima kama kranki inachezacheza kwa kuinua flaiwili kwa mtaimbo, ndipo kazi ya sili ifikiriwe. Sili mpya juu ya beringi iliyolika haimalizi mwezi.

MATONE MEUSI KWENYE BOMBA LA MOSHI

Mara kwa mara maungio ya bomba la moshi hutoa matone meusi mazito, na hudhaniwa kuwa ni oili. Mengi ni dizeli isiyoungua, iliyochanganyika na masizi. Chanzo chake si gasketi, bali ni utaratibu wa banda: injini inaachwa ikinguruma bila kazi kutwa nzima, kila mama anapofika na ndoo yake ya makopa anasagiwa, kisha injini inaendelea kungoja. Injini ya dizeli isiyobebeshwa kazi haipati moto wa kutosha kuunguza mafuta yake. Dizeli hiyo hiyo huosha oili kwenye silinda na kuziharibu ringi, ambazo baadaye huleta lile shinikizo lililokwisha kuelezwa. Kamati ikitangaza saa za kusaga, kwa mfano asubuhi na alasiri, injini hufanya kazi nzito kwa muda mfupi na huzimwa. Wapo watakaonung'unika wiki ya kwanza. Ni juu ya katibu kuwaeleza kwamba bei ya kusaga haiwezi kushuka ikiwa dizeli inaunguzwa kwa kungoja.

MATREKTA

Vyama vyenye trekta kuukuu, kama Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, hukutana na uvujaji wa namna nyingine. Oili hudondoka kwenye tundu lililo chini ya nyumba ya klachi. Ikiwa ni oili ya injini, hushukiwa kamba au sili ya nyuma ya kranki, na kuifikia lazima trekta igawanywe vipande viwili. Ikiwa ni nzito na yenye harufu kali ya giaboksi, injini haina kosa. Lakini kabla ya kuigawa trekta itazamwe gasketi ya mfuniko wa roka upande wa nyuma: oili inayotoka pale huteremka nyuma ya injini na kuonekana chini kana kwamba imetoka kwenye kranki. Gasketi hiyo hubadilishwa kwa nusu saa. Kipumulio cha injini hizi nacho huziba, na kipimo cha mpira wa maji hufaa hapa pia.

Oili chafu iliyomwagwa isitupwe karibu na kisima wala bondeni. Ikusanywe katika dumu lenye kifuniko, na anayeishika anawe kwa sabuni, kwa kuwa oili iliyotumika hudhuru ngozi.

Chama kinapoagiza sili au gasketi, barua yake ieleze aina ya injini, namba iliyogongwa kwenye kibati chake, na nchi ilikoundwa. Injini ya Rajkot na ya Dursley hufanana machoni, lakini si kila kipuri cha moja huingia katika nyingine. Namba hiyo inakiliwe leo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mashine, kabla kibati hakijafutika au kupotea.